Hujui Kitu, Kati ya Bendera za Dua

Mtoto wa jirani yangu alikuwa amekwama kwao Nepali, nyuma ya mipaka iliyofungwa, na mama yake alikuwa akimwombea kwa vitambaa. Mimi niliviona vile vitambaa nikadhani natukanwa.

Hivyo ndivyo urafiki wetu ulivyoanza, na mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu ndani ya treni.

Ulikuwa mwaka wa pili wa korona, na sisi wa magharibi ya Sydney tulikuwa tumefungiwa kweli kweli. Kazini nilikwenda, maana ghala letu la Smithfield lilipakia vyakula, lakini zaidi ya hapo mwisho wangu ulikuwa kilomita tano kutoka mlangoni. Kilomita tano! Mimi niliyetoka Tanga na sanduku moja, nikapita Mombasa, nikapita Muscat, nikapita Johannesburg, nikaja kutua huku kwa sababu tu ramani ilikuwa bado ina nafasi. Mtu wa aina yangu ukimfungia ndani hana budi kutembea kwa macho. Basi nilitembea kwa macho, kutoka dirisha la jikoni mpaka kibaraza cha nyuma, kutoka kibaraza cha nyuma mpaka dirisha la jikoni, kama simba wa maonyesho.

Dirisha la jikoni lilitazama jengo la pili. Kati yetu palikuwa na kichochoro cha matofali mekundu, chembamba, cha kuwekea mapipa ya taka. Asubuhi moja ya baridi nilifungua pazia nichemshe chai, na mbele yangu, kwenye dirisha la jirani, kulikuwa kumetundikwa vitambaa. Buluu, cheupe, chekundu, cha kijani, cha manjano, halafu buluu tena. Kila kimoja kina pindo. Katikati, pale ambapo kwenye kanga tunapaita mji, amechorwa farasi. Na kumzunguka farasi ni maneno, maneno, maneno, kwa herufi nisizozijua.

Moyo ulinilipuka. Kwetu kitambaa chenye pindo, mji na maneno hakitundikwi ovyo mbele ya dirisha la mtu.

Mama yangu na mwanamke wa nyumba ya pili walipigana msimu mzima bila kufungua mdomo. Mama akitoka kwenda bombani amejifunga "Hasidi hana sababu." Jioni mwenzake yuko barazani anachambua mchele, amejitanda "Chungulia yako, yangu yamekushinda." Sisi watoto tuliokuwa tumeanza kujua kusoma ndio tulikuwa redio, tulikimbia nyumba hii na ile kutangaza jina la kanga mpya. Vita vile viliisha kwenye harusi, wote wawili wamevaa sare, wanasukumana mabega wakicheka. Lakini vilikuwa vita, na silaha ilikuwa kitambaa.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo afungue pazia aone mstari mzima wa vitambaa, vyote vimemwelekea yeye. Na hawezi kuvisoma! Tusi unaloweza kulisoma unaweza kulijibu. Hili lilikuwa linanisema usoni nami nimeshika sufuria.

Nilijichunguza. Nimemkosea nini? Nikakumbuka samaki. Wiki ile nilikuwa nimempata samaki mkavu kwenye duka la Wavietnamu, mwenye harufu ya nyumbani hasa, nikamkaanga dirisha wazi. Basi, nikasema, ndiyo hiyo. Nimesemwa kwa ajili ya samaki.

Nilimpigia simu rafiki yangu wa kazini, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, mtu wa kanisani sana.

"Mama," aliniuliza taratibu, "nyekundu iko pale?"

"Ipo."

"Na nyeupe?"

"Ipo."

"Ile ni ya baganga! Kwetu ukiona bendera nyekundu ku nyumba ya mutu, unapita mbio. Funga dirisha, mama. Tuombe sasa hivi, ku simu."

Hata kwetu bendera nyekundu na nyeupe huonyesha nyumba ya mganga, na kwa dakika moja niliyumba. Lakini mganga hatundiki maandishi. Mganga anataka uingie ndani ndipo useme naye. Huyu, nilimwambia, ana jambo la kuniambia hapa hapa, nami nitamjibu.

"Utamujibu na nini?"

"Na kanga."

"Eh, Bwana wangu," alisema, akakata simu akaombe peke yake.

Nilikuwa na kanga nyingi za kujifunga nyumbani, ila ya kujibia ilikuwa moja. Siku niliyoondoka nyumbani mama alinunua doti, akaikata katikati kwa mkasi, kipande kimoja akabaki nacho, kimoja akanikunjia juu ya nguo. Nyekundu na nyeusi, korosho pembeni, na jina lake "Hujui kitu." Alilichagua makusudi, kwa sababu nilikuwa ninamwambia kila siku kwamba najua ninakokwenda. Niliipiga pasi. Nikaibana kwa vibanio kwenye fremu ya dirisha langu, maneno yametazama nje, yamenyooka, hayana kona. Nikajisikia mtoto wa mama yangu kabisa! Nilikwenda shifti nikiimba ndani ya barakoa.

Kesho yake asubuhi dirisha la pili lilifunguka.

Alikuwa mwanamke mdogo kwangu, labda miaka thelathini, nywele amezifunga nyuma, bado amevaa sare ya nyumba ya wazee anakofanya kazi. Aliitazama kanga yangu kwa muda mrefu. Kisha akaunganisha viganja mbele ya kifua, akainamisha kichwa.

Kejeli, nikawaza. Huyu ni fundi.

"Didi!" aliniita. Neno hilo nililijua kutoka kazini. Wanepali humwita hivyo dada mkubwa. Mengine aliyasema kwa Kiingereza, nami nikamjibu kwa Kiingereza, vyote viwili vya kuungaunga. "Didi, dua yako nzuri sana. Inasema nini?"

"Dua gani?"

"Hiyo uliyotundika."

Sikuwa na pa kujificha. Kanga yenyewe ilikuwa imebanwa pale pale mbele yetu. "Inasema," nilianza, "inasema hujui kitu."

"Mimi?"

"Mtu. Mtu yeyote anayesoma."

Aliisoma tena kanga. Halafu uso wake ukafunguka kama mlango.

"Hujui kitu!" alirudia, akitikisa kichwa kwa furaha. "Lama, mwalimu wa dini wa kijijini kwetu, alikuwa akituambia hivyo hivyo, huku akitugonga kichwani kwa shanga zake. Nzuri sana, didi. Na fupi! Zetu ni ndefu mno."

Mimi niliyejiandaa kwa vita nilisimama pale nimepongezwa.

"Na zako?" niliuliza, maana bado palikuwa pananiwasha. "Zinanisema mimi?"

"Ndiyo," alisema bila kusita. "Wewe pia."

"Wewe pia na nani?"

"Wewe, na mzee wa chini, na wale ndege weupe wanaopiga kelele, na mende wa kwenye mapipa. Wote wenye uhai."

Sikuwa nimekosea, basi! Ujumbe ulikuwa wangu kweli, tangu asubuhi ya kwanza. Nilikuwa nikiombewa heri na mtu nisiyemjua, nami nikapiga pasi silaha.

Alinieleza huku akinywa chai yake na mimi yangu, kila mtu dirishani kwake, maana kutembeleana kulikatazwa. Buluu ni anga, nyeupe ni upepo, nyekundu ni moto, kijani ni maji, manjano ni ardhi, na mpangilio huo haubadilishwi. Farasi hubeba heri mgongoni. Bendera haiwekwi sakafuni wala haikanyagwi. Na unapoitundika, usijifikirie mwenyewe, wala usimfikirie wako peke yake. Ukiombea wako tu, dua inakuwa nzito, haipai.

"Hilo ndilo linalonishinda," alisema, na hapo sauti ilimbadilika.

Ndipo nikajua habari za mtoto. Yeye na mumewe, ambaye aliendesha malori ya makontena ya Port Botany na mchana alikuwa amelala, walikuwa wamemwacha binti yao kwa bibi yake miezi michache tu, mpaka wapate kazi na nyumba. Mipaka ikafungwa. Binti alipoachwa alikuwa na maneno machache; sasa alikuwa anabishana na bibi yake kwenye simu, na mama yake anasikiliza kutoka huku. Kibali cha kumleta kilikuwa hakijatoka. Walichokuwa nacho ni simu ya video na mstari huu wa vitambaa.

"Lakini tazama," alisema, akakigusa kitambaa cha buluu. Kilining'inia kama taulo la vyombo. "Didi, hizi hazisomwi na mtu. Upepo ndio unaozisoma. Na hapa hakuna upepo. Tangu nimetundika, hazijasomwa hata mara moja."

Alikuwa amesema kweli. Kichochoro chetu kilizibwa na gereji upande mmoja na ukuta upande mwingine. Hata moshi wa samaki wangu ulikaa humo siku mbili. Mwenye nyumba hakuwaruhusu kutundika chochote upande wa barabarani. Yule mwanamke alikuwa ameomba kwa nguvu zake zote, na dua imesimama palepale kama gari lisilo na petroli.

Nikapiga ukelele mpaka akashtuka. Kibaraza changu cha nyuma! Kona yake moja ilichungulia nje ya kichochoro, na kila upepo wa kusini ulipoingia mjini ulipita hapo kwanza. Ulikuwa umeniibia vibanio, shuka, na soksi zisizo na idadi. Nilikuwa nikiulaani upepo ule kila wiki.

"Tufunge kamba," nikamwambia, "kutoka dirisha lako mpaka kwenye kona yangu!"

Alinitazama. "Mbali."

"Mbali? Mdogo wangu, mimi nimetoka Tanga."

Hakukubali kutundika siku yoyote tu. Kuna siku njema na kuna siku mbaya, na ukitundika siku mbaya unajitafutia vikwazo juu ya vikwazo. Ilibidi mama yake amuulize lama. Nilingoja jibu nikiwa situlii, mimi ambaye hata pasaka nasahau. Ghalani nilibandika lebo juu chini. Mama wa Bukavu aliniuliza kama nimeanza kulogwa, nikamwambia labda, lakini ni kulogwa kuzuri.

Katika kungoja huko nilimpigia mama yangu Tanga, nikamsimulia yote.

"Mwanangu wee! Umemtundikia mtu Hujui kitu? Mgeni wa watu?"

"Nilidhani ananisema, mama."

"Na yeye kakujibu nini?"

"Kasema ni dua nzuri. Kasema zao ni ndefu mno."

Nilisikia kicheko, kisha kikohozi cha kicheko, kisha shangazi akiitwa kutoka uani aje asikie. Mama aliporudi kwenye simu alikuwa amepoa. "Huyo mtoto ana miaka mingapi?"

"Minne."

"Lete habari akifika. Na mimi nusu yangu naitoa kabatini leo. Doti haitundikwi upande mmoja."

Siku njema ikaangukia Jumamosi, nami sina shifti. Nilisimama kibarazani, yeye dirishani kwake, kamba yenye bendera zake imekunjwa ndani ya beseni safi ili isiguse chini. Mwanzo wa kamba alikuwa ameufunga kwenye soksi, na ndani ya soksi kiazi.

Alirusha. Kiazi kikapiga ukuta wangu kikaanguka.

Akavuta, akarusha tena. Kikapiga ukuta chini zaidi. Mara ya tatu kikatua juu ya pipa la taka kwa kishindo, na dirisha la chini yangu likafunguka. Alichungulia yule mzee wa Kiiraki aishiye peke yake, kofia ya sufu kichwani.

"Nilitoka Baghdad," alisema, akitutazama juu kwa zamu, "kukimbia vitu vinavyoanguka kutoka juu!"

"Samahani, mjomba! Ni kiazi tu!"

"Kiazi kibichi?"

"Kibichi."

"Ninyi watoto hamjui kurusha." Akatoka mlangoni na viatu vya ndani, akaiokota soksi, akaipima mkononi. "Mimi nilikuwa golikipa." Akarudi nyuma hatua, akairusha, nayo ikapita juu ya kichwa changu, ikaingia kibarazani, ikagonga mlango wa jikoni.

Tulipiga vigelegele! Mimi nilipiga vya kwetu, yule mwanamke akapiga makofi, na mzee akainua mikono kama uwanja mzima unamtazama.

Nikaanza kuvuta. Bendera zikatoka kwenye beseni moja moja, buluu, nyeupe, nyekundu, zikasafiri juu ya kichochoro kuja kwangu. Lakini nilivuta polepole mno na kamba ikalegea katikati, tumbo lake likashuka, likashuka, mpaka kijani moja ikawa inaelekea moja kwa moja kwenye mapipa.

"Zisiguse chini!" alipaza sauti. "Didi! Zisiguse chini!"

"Vuta wewe!"

"Nikivuta zinarudi!"

Mzee alipotea mlangoni mwake akarudi na ufagio. Akaunyanyua kwa mti wake, akaikamata kamba pale pale ilipokuwa inazama, akaishikilia juu, anatukana kwa Kiarabu kwa upole. Nikaizungusha kamba kwenye nguzo ya kibaraza, nikavuta kwa uzito wangu wote, na uzito ninao. Ikakaza. Ufagio ukabaki unaelea hewani bila kazi.

Bendera zilikuwa zimekwisha kabla ya kufika kwangu. Palibaki kipande cha kamba tupu upande wangu.

"Weka yako," alisema, akiionyesha kanga dirishani kwangu.

"Ile? Katikati ya dua?"

"Itangulie mbele. Ndiyo itakutana na upepo kwanza. Lakini kumbuka, unapoweka, fikiria wote. Hata usiyempenda."

Nikaichukua kanga ya mama, nikaipitisha kwenye kamba, nikaishona haraka kwa sindano na uzi. Nilimfikiria yule mtoto. Hilo lilikuwa jepesi. Nikamfikiria mzee na ufagio wake, na mama na nusu yake. Kisha nikamfikiria msimamizi wetu wa shifti, anayetupigia filimbi kama kondoo, nikamtakia heri. Kazi hiyo ilikuwa nzito kuliko kuvuta kamba.

Tukangoja. Hewa ilikuwa imesimama, joto la kwanza la mwaka, nzi wamelala. Mzee alileta kiti akaketi katikati ya mapipa, kama amelipa kiingilio. Alasiri ilipokuwa inakwisha, kuku wa nyumba ya nyuma wakanyamaza. Mti mrefu wa mkalitusi uliokuwa mbali ukainama. Halafu mti wa karibu ukainama. Nikasema, "Unakuja!"

Ulipiga kanga kwanza. Hujui kitu ilijaa kama shavu, ikapasua hewa kwa mlio wa bunduki, na nyuma yake bendera zote zikaamka kwa mpigo mmoja, mbio, mbio, farasi wote wamenyanyua miguu. Kichochoro cha mapipa kilikuwa kinapiga makofi. Yule mwanamke alikuwa amefunika mdomo kwa mikono miwili. Alichukua simu, akapiga kwao, akaigeuzia kamera kwenye kamba, anapiga kelele kwa lugha yao, anacheka analia. Kutoka kwenye simu nilisikia sauti ndogo, ya kuamrisha, ikiuliza jambo.

"Anauliza ile kubwa ya mbele ni nini," alinitafsiria. "Nimemwambia ni dua ya shangazi mpya."

Akamfundisha kuitamka, silabi kwa silabi, huku upepo ukiisoma.

Tangu hapo zilipeperuka. Kasuku weupe waliitafuna kamba, mzee akawafukuza kwa ufagio. Aliiona ni timu yake. Jua lilianza kuzipausha, nami nikasikitika, lakini mwenyewe alifurahi: zikichakaa ni kwamba zimesomwa, na nyuzi zinazoachia zimekwenda. Kufungiwa kukaisha. Bendera ziliendelea. Mipaka ikafunguliwa, na kibali kikatoka, na siku aliponipigia dirisha kwa mwiko kunionyesha simu, wala sikungoja asome. Niliruka juu mpaka mzee akagonga dari.

Mtoto aliletwa na mjomba wake. Walipokwenda kumpokea uwanja wa ndege, mimi na mama wa Bukavu tulibaki kibarazani kwangu na sinia la maandazi. Alikuwa amekubali kuja baada ya kunihoji sana. Aliketi mbali na kamba, lakini macho yake hayakutoka juu yake.

"Inapendeza," alikiri. "Lakini mimi nitaomba ku jina la Yesu."

"Omba, mama. Upepo una nafasi."

Gari likasimama kando ya kichochoro. Alishuka baba, akashuka mjomba na mabegi, akashuka mama, na kwenye mguu wa mama, amenata kama kupe, msichana mwenye koti jekundu na kofia. Hakutazama mtu. Alitazama mapipa, akamtazama mzee aliyesimama na ufagio wake kama askari wa zamu, akaficha uso. Mama yake alimnong'oneza. Hakuna. Akamnong'oneza tena, akamwonyesha juu.

Mtoto akainua kichwa. Aliiona kamba. Nilimwona anazifuata rangi kwa macho, moja baada ya nyingine, kutoka dirishani kwao mpaka kwenye kanga iliyopauka, na kutoka kwenye kanga mpaka kwangu. Akauachia mguu wa mama yake. Akaunganisha viganja, akainama mpaka kofia ikamdondoka, akapaza sauti kwa nguvu zake zote:

"Hujui kitu!"

Mama wa Bukavu aliruka kitini. "Eh! Huyu mutoto anakutukana?"

"Hapana," nilisema, na maandazi yalikuwa yamenimwagika miguuni. "Ananisalimia."

Nikaunganisha viganja vyangu, nikamwinamia kutoka juu.

"Kweli, mwanangu!" nikamjibu. "Sijui kitu!"